Pikipiki ya Zamani: Tafuta Mwenyewe Kabla ya Kutafuta Fundi

Nyuma ya stoo ya parokia yetu kulikuwa na Suzuki TF 125 iliyoegemezwa ukutani kwa miaka mingi. Wazee wanaikumbuka ikipanda milima na afisa wa mradi wa maji, halafu siku moja ikazima na haikuwaka tena. Kuku walitagia chini yake. Kikundi cha vijana kikaomba ruhusa kuitengeneza, wakachanga pesa, wakaita fundi. Pistoni na ringi, taya mbili, cheni, kebo zote. Ikawaka! Siku ya soko kijana mmoja akaipeleka mjini kununua mbegu, na kwenye kizuizi cha barabarani askari akamwuliza swali moja tu.

"Hii pikipiki ni ya nani?"

"Ni ya kanisa, afande."

"Kanisa gani? Leta logibuku."

Hakuna aliyejua logibuku iko wapi. Pikipiki ikalala kituoni miezi saba chini ya mti, jua na mvua vyake, na mchango wote wa vijana umelala nayo.

Wapendwa wasomaji, hatuandiki haya kuwacheka vijana wetu. Walifanya kazi kwa bidii, ila walianzia mwisho. Tangu habari hiyo ienee, watu wanne wametuuliza swali moja: mtu akiwa na pikipiki kuukuu isiyo na karatasi, ataifanyaje irudi barabarani kihalali? Mmoja ni mama mjane aliyeachiwa pikipiki na mzee wake. Mwingine aliinunua kwa mtu ambaye sasa hapatikani kwa simu. Tutajaribu kuwajibu wote pamoja.

"Haijasajiliwa" ni maneno yenye maana tatu

Watu husema "hii pikipiki haina usajili" kumbe wanasema mambo tofauti, na kila moja lina njia yake.

La kwanza, na ndilo lililo la kawaida zaidi: pikipiki ilisajiliwa zamani, lakini si kwa jina lako. Nchini Kenya usajili wa chombo haufi kwa sababu kimekaa miaka 20 kwenye stoo. Namba iliyopewa siku ya kwanza bado ni yake, na mtu aliyeandikwa ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe mpaka ithibitishwe vingine. Wengine huogopa kwamba watadaiwa leseni ya barabara ya miaka hiyo yote, ile karatasi ya duara iliyokuwa ikibandikwa. Ile iliondolewa katika miaka ya 2000, na siku hizi tunalipa kupitia bei ya mafuta.

La pili: ilisajiliwa, lakini kumbukumbu zake ziko kwenye faili ya karatasi na hazijaingia kwenye kompyuta. Kazi ya usajili imehama mara kadhaa. Ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ushuru, yaani KRA, kisha ikaenda kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Huduma zake nazo zilihamishiwa eCitizen mwaka 2023. Katika kuhamahama huko, pikipiki ya mwaka 1984 ambayo haijaguswa na mtu inaweza kukosa kuonekana. Usikate tamaa. Hapo ndipo logibuku ya asili, hata ikiwa imeliwa na panya pembeni, inakuwa na thamani kuliko injini.

La tatu: haijawahi kusajiliwa kabisa. Hii ndiyo ngumu, tutaifikia.

Soma namba kabla ya kutoa hata shilingi

Pikipiki ina namba mbili zilizopigwa kwenye chuma. Ya fremu kwa kawaida iko kwenye shingo, pale usukani unapozungukia, mara nyingi upande wa kulia. Ya injini iko chini kwenye kasha la injini. Chukua kitambaa na mafuta ya taa, safisha pole pole, tumia brashi laini. Usitumie tupa wala msasa wa umeme! Namba iliyosagwa kwa bahati mbaya haina tofauti na namba iliyosagwa na mwizi, na afisa atakayeiangalia hakuwepo siku ulipoisafisha. Vivyo hivyo, usikubali fundi wa jua kali "akuandikie upya vizuri" namba iliyofifia. Hiyo ni jinai, hata kama nia yako ilikuwa njema. Iache ilivyo. Maafisa wa upelelezi wana njia zao za kuisoma, pamoja na kuinakili kwa utepe unaogandamizwa juu ya chuma.

Halafu angalia kibao cha namba, kama kipo. Kibao chenyewe kinasema mengi. Herufi tatu na tarakimu tatu bila herufi ya mwisho, hiyo ilisajiliwa kabla ya mfuatano wa KAA ulioanza mwaka 1989. Namba za mtindo wa KAA kwenye pikipiki si ajabu, kwa maana wakati huo pikipiki na magari yalikuwa kwenye mfuatano mmoja. Baadaye pikipiki zikapewa mfuatano wao unaoanza na KM. Ukiona GK, ilikuwa mali ya serikali. Ya nchi jirani utaijua mwenyewe.

Ukiwa na namba, ingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, uombe nakala ya kumbukumbu. Kama hujui kompyuta nenda saiba, lakini tumia akaunti yako mwenyewe na uitunze siri yake, usiandikishwe kwenye akaunti ya kijana wa saiba. Kwa muda mrefu ada ya utafutaji huu imekuwa shilingi 550, na hulipwa kwa namba ya serikali 222222. Nakala itakuonyesha jina la mwenyewe, namba ya fremu na ya injini, rangi, na kama kuna benki au shirika la mkopo linaloidai. Linganisha herufi kwa herufi na chuma ulichosafisha. Hizo shilingi mia tano ni ghali? Vijana wetu walitumia mara sabini ya hizo kwenye injini kabla ya kujua jina la mwenyewe.

Ikiwa chombo hakionekani kwa namba ya usajili, peleka logibuku ya zamani na kitambulisho ofisi ya NTSA wakakitafute kwenye faili.

Mwenyewe yuko hai, amekufa, au ni shirika?

Kama mwenyewe yuko hai na mnaelewana, kazi ni nyepesi. Zamani muuzaji alitia sahihi Fomu C, na mnunuzi akakaa nayo kwenye droo miaka na mikaka, "nitabadilisha baadaye". Karatasi hizo ndizo zimetuletea nusu ya shida hizi. Siku hizi muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, mnunuzi anaukubali kwenye yake, wote wawili wakiwa na PIN ya KRA. Sheria ya Trafiki haikubali chombo kitumike barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kuuzwa kabla mnunuzi hajasajiliwa. Na wewe muuzaji usifikiri ni shida ya mnunuzi peke yake. Mtu akigongwa na pikipiki yenye jina lako, wakili atakuja kwako kwanza.

Logibuku ikiwa imepotea, mwenye jina ndiye anayeripoti polisi, anapewa abstrakti, kisha anaomba nakala nyingine. Si wewe mnunuzi. Wengi wamepoteza pesa kwa mabroka hapo, wakiahidiwa logibuku "ya haraka".

Sasa yule mama mjane. Mama, pikipiki ya mzee ni sehemu ya urithi sawa na shamba na ng'ombe. Huwezi kuiuza wala kuihamisha kwa barua ya chifu peke yake, ingawa barua hiyo utaihitaji, kwa sababu ndiyo inayotaja warithi wote. Unaipeleka mahakamani pamoja na cheti cha kifo, unaomba hati ya kusimamia mirathi. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Kuthibitishwa kwa hati huja kwa kawaida baada ya miezi 6 tangu kutolewa. Hati hiyo iliyothibitishwa, yenye kutaja pikipiki na atakayeipata, ndiyo NTSA wanataka kuiona. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi.

Ushauri wetu: usiende mahakamani kwa ajili ya pikipiki tu. Orodhesha mali yote mara moja, shamba, akaunti, hisa za ushirika, na pikipiki iwe mstari mmoja kwenye orodha hiyo. Kama mirathi ya shamba ilishafanywa na pikipiki ikasahauliwa, rudini mahakama ile ile muombe iongezwe. Na shemeji akija kuichukua "aitunze" kabla ya hati, mwambie kwa heshima kwamba sheria ya mirathi inamtaja: anayeingilia mali ya marehemu bila ruhusa anaweza kutozwa faini hadi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Shirika ni jambo lingine, na hapa wengi huangukia. Pikipiki za misheni, za zahanati, za miradi ya maji na kilimo, mara nyingi hazikuandikwa kwa jina la padre au mchungaji wala la parokia. Ziliandikwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo au dayosisi, au kwa jina la mradi. Kwa hivyo kamati ya parokia haiwezi kuiuza, hata ikipiga kura wote. Padre pia hawezi kumpa katekista kama zawadi ya kustaafu. Ni wadhamini wanaotia sahihi, kwa PIN ya wadhamini.

Ile ya vijana wetu ilipatikana hivyo. Karani mmoja wa jimbo alipekua sanduku la bati na kukuta logibuku mbili zimefungwa pamoja kwa uzi. Fremu ilikubaliana na moja. Injini ilikubaliana na nyingine! Mradi ulikuwa na pikipiki mbili za aina moja, na fundi wa wakati huo alizifanya moja bila kumwambia mtu. Fremu ya pili ipo mpaka leo nyuma ya karakana ya shule.

Kubadilisha injini si kosa. Kosa ni kunyamaza. Mabadiliko ya injini, fremu au rangi lazima yaarifiwe ili kumbukumbu ziandikwe upya, na utaulizwa injini ilitoka wapi. Risiti ya duka, au logibuku ya chombo ilikotolewa. Injini iliyonunuliwa sokoni bila risiti "kwa sababu ilikuwa bei nzuri" ni injini ambayo huwezi kuieleza, na mimi binafsi ningemshauri mtu airudishe kama bado anamjua aliyemuuzia.

Mwenyewe asipopatikana kabisa, kuna njia ya uhamisho wa lazima. Utahitaji ushahidi kwamba ulinunua, hati ya kiapo, na chombo kichunguzwe na wapelelezi kwamba si cha wizi. Haina haraka na haina hakika. Jaribu kwanza kumtafuta mtu kupitia chifu wa kwao au jamaa zake. Tumeona watu "waliopotea" wakipatikana kwenye mazishi.

Ile ambayo haijawahi kusajiliwa

Hapa swali linageuka. Haliwi tena ni ya nani, bali iliingiaje nchini.

Pikipiki yoyote isiyotengenezwa hapa ilipita mpakani au bandarini, na bila karatasi za forodha hakuna usajili. Kama iko na hati za forodha, ankara ya kununuliwa na jina lako, kazi inaendelea, hata ikiwa imechelewa. Kama ilivushwa usiku kutoka upande wa pili wa mpaka, haina ushuru, na forodha wanaweza kuichukua. Usiamini anayesema atakupatia namba KM ya pikipiki nyingine iliyoungua. Namba ile ni ya fremu ile, basi.

Iko aina ya tatu inayohusu watu wetu sana. Zamani wafadhili walileta pikipiki kwa msamaha wa ushuru, kwa sababu zilikuwa za kazi ya msaada. Msamaha ule haukutolewa kwa chuma, ulitolewa kwa kazi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema mali kama hiyo ikipewa au kuuzwa kwa mtu asiyestahili msamaha, ushuru unadaiwa. Kwa hivyo mradi ukifungwa na mzungu akaenda kwao akimwachia dereva pikipiki na barua ya shukrani, barua ile haitoshi. Nenda KRA kwanza waikadirie, ndipo uamue kama inafaa. Kwa chombo cha zamani ushuru unaweza kuzidi bei yake. Kwenye pikipiki kutoka nje, kodi ya eksaizi peke yake iliwekwa shilingi 10,000 kwa kila moja katika sheria ya mwaka 2015, na imepandishwa tangu hapo.

Za GK zilizonunuliwa kwenye mnada wa serikali ni nafuu, mradi mnunuzi alitunza karatasi za mnada na risiti. Namba ya GK haitumiki na raia, chombo kinasajiliwa upya. Bila karatasi za mnada uko pale pale na yule wa mpakani.

Wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba pikipiki haitarudi barabarani. Iuzwe kama vipuri, na mwenyewe halali ndiye auze, kwa maandishi. Au izungushe pampu ya maji shambani.

Sasa ndio fundi

Karatasi zikielekea kukamilika, ita fundi. Tangi limwagwe lote, petroli ya miaka ni gundi. Kutu ya ndani ya tangi isipotolewa itaziba kabureta kila wiki. Taya, hata zikiwa na meno, zisome ubavuni: tarakimu nne za mwisho za mfuatano wa DOT ni wiki na mwaka. 2309 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Mpira wa umri huo hupasuka ukiwa kwenye mwendo. Breki za ngoma zifunguliwe hata kama zinashika, kwa sababu kitambaa cha zamani hubanduka. Angalia beringi za magurudumu na za shingo, sili za shoki, spoki moja moja.

Hizi TF na Yamaha DT na AG 100 ni za tu-stroki, injini inayochoma oili pamoja na petroli. Zina tangi dogo la oili na pampu yake. Pampu ikikaa miaka, mipira hukauka na hewa huingia, na injini inaweza kukwama maili ya kwanza, pistoni mpya na yote. Fundi akiwa hana hakika na pampu, achanganye oili moja kwa moja kwenye petroli, mililita 200 kwa lita 5, mpaka pampu ithibitishwe.

Kisha vitu vidogo ambavyo ukaguzi hukataa navyo: taa ya mbele na ya nyuma, taa ya breki, viashiria, honi, vioo viwili. Na kibao. Kama kimepotea, ripoti polisi, omba kingine eCitizen. Vibao hutengenezwa gereza la Kamiti, na tangu Agosti 2022 kuna vya mtindo mpya. Kile cha kuchorwa kwa rangi na msanii wa stendi kitakurudisha kituoni.

Kwenda kwa ukaguzi, usiiendeshe. Ipakie kwenye pikapu.

Mwisho kuna bima, na hii si karatasi ya kumridhisha askari. Sheria inataka bima ya mtu wa tatu, na ndiyo inayolipa ukimgonga mtoto wa jirani, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Bila bima, korti itaangalia shamba lako. Cheti cha bima siku hizi huja kwa simu, nacho hutolewa kwa namba ya usajili, kwa hivyo namba ikiwa si yake umelipa bure. Mwambie wakala ukweli kuhusu kazi ya pikipiki. Bima ya mtu binafsi haifuniki abiria wa kulipa. Na leseni ya kuendesha ni daraja A2 kwa matumizi yako, A3 kwa boda boda. Kofia na jaketi la kuakisi ni kwako na kwa abiria wako, ambaye ni mmoja tu.

Ile TF ilitoka kituoni baada ya barua ya wadhamini na uchunguzi wa namba. Haikuwa ya vijana, imebaki kwa jina la wadhamini, na vijana wanaitumia kwa barua ya kuazimwa inayofanywa upya kila Januari. Fundi wa mabomba wa mradi wa maji anaipanda Jumanne na Ijumaa. Pesa walizochanga wamerudishiwa kidogo kidogo kutoka mfuko wa mradi. Zimebaki awamu mbili.